Mtoto asiwe mkalimani wa kesi yake mwenyewe

Wadogo zangu mlioanza mwezi huu kufundisha tuisheni kwa watoto wa Kilatino hapa Houston, nawapenda na najua nauli mnajilipia wenyewe, ila nilichokiona Jumanne kimeninyima usingizi. Mama wa El Salvador, Kiingereza hana, anaelezwa mwanae anavyofeli hesabu, na anayemtafsiria ni huyohuyo mwanae. Jamani! Kosa hilo nimelifanya mimi kabla yenu.

1. Mkalimani aombwe mapema. Shule ya umma inawajibika kisheria kumpatia mzazi mkalimani bure, siyo hisani. Mwaka wangu wa kwanza sikuuliza. Nilikuwa na binti wa darasa la 11, wazazi wametoka Michoacán kule Mexico, kemia imeshuka mpaka F, siku 11 hajaonekana darasani. Mama kaja moja kwa moja kutoka kusafisha maofisi, mikono bado inanukia jiki, kakaa kwenye kile kiti cha mwanafunzi chenye kimeza, mkoba kaupakata. Nikamwambia binti, mwambie mama yako umekuwa mtoro. Akamwambia. Hakupunguza hata neno, kanyooka mgongo kama anasoma barua ya mtu mwingine, manake hiyo ndo kazi yake tangu ana miaka minane, benki yeye, kwa mwenye nyumba yeye, hospitali yeye. Mama akauliza swali fupi, binti akajibu no, hakunitafsiria, na mimi nikaendelea kuhubiri habari za chuo cha Austin, mji mwingine hapa Texas. Wiki tatu baadaye ndo nikaambiwa lile swali lilikuwa nini: ni zile siku za baba yako? Baba alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mama akinyimwa ruhusa kazini binti ndo anakwenda kumsemea kwa manesi. Alikataa ili mama asijione ndo kamfelisha. Yaani nilimwita mtoro mtoto anayeuguza baba, tena kwa ulimi wake mwenyewe. Nilirudi kuwaomba radhi wote wawili, na mkalimani pembeni. Mama alilia, binti akawa anamfuta.

2. Kabla ya gredi, uliza nyumbani kukoje.

3. Baba akimwambia mwanae échale ganas, ndo ile kaza buti ya kwetu, ni upendo, ila mtoto anasikia na deni humohumo, tumevuka mpaka kwa ajili yako. Na educación yao ina malezi ndani yake, ukiwa na A zote na wakubwa husalimii, huna educación. Sisi tuliolelewa na shikamoo tunashindwaje kuelewa hili? Kwa hiyo baba akigoma binti asiende Austin, msikimbilie kusema anapinga elimu, ulizeni nani atampeleka mama kliniki. University of Houston ipo, atalala kwao.

4. FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa hela za chuo, ni bure, anayedai hela ya kujaza mkimbieni. Mtoto raia anaruhusiwa kujaza hata kama wazazi hawana makaratasi ya kuishi Marekani, ila kuandika majina yao waamue wenyewe, msiwasukume.

Yule mama wa El Salvador anarudi Alhamisi saa 11 jioni. Mkalimani nimeshamwomba, na kijana nimemwambia yeye akae tu karibu na mama yake.