Mpango wa "dola sifuri" na maswali ambayo wakala hakukuuliza

SWALI: Baba yangu anatimiza miaka 65 mwezi wa sita. Tunaishi Columbus, Ohio. Amefanya kazi ghalani miaka 14, ana kisukari na presha, na kila mwaka huenda Moshi miezi miwili. Wakala mmoja wa bima anampa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, ya dola 0 kwa mwezi. Mwingine anasema abaki na Medicare ya serikali, ile bima ya afya ya wazee, aongeze Medigap (bima ya kampuni inayoziba mapengo ya Medicare) ya dola 140 kwa mwezi na bima ya dawa. Kwa nini alipe wakati kuna cha bure?

JIBU: Dada, mpe mzee shikamoo yangu, halafu mwambie hakuna cha bure hapo. Sifuri ni ada ya kampuni tu. Ada ya Sehemu B, ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, dola 202.90 kwa mwezi mwaka huu wa 2026, ataendelea kuitoa vilevile. Na kampuni haigawi sadaka: serikali inailipa kila mwezi kwa kila mzee iliyemsajili, kwa hiyo inabana kwenye matumizi. Madaktari ni wa orodha yake, na vipimo vikubwa vinasubiri kibali chake. Akiugua sana, mwaka huu sheria inaruhusu mgonjwa aachiwe hadi dola 9,250 za mfukoni kwa huduma za ndani ya orodha, dawa kando. Mipango mingi iko chini ya hapo, lakini namba hiyo ndiyo ya kuuliza kwanza, kabla ya meno na miwani.

Medicare ya serikali ikiwa peke yake nayo ina shimo. Ukishatoa dola 283 za mwanzo, inalipa asilimia 80 ya huduma za daktari, na ile 20 inayobaki haina kikomo. Matibabu ya saratani ya dola 60,000 yanamwachia mzee 12,000. Medigap ndiyo inayoziba hapo. Tena Medigap ya herufi G hulipa asilimia 80 ya dharura nje ya Marekani, ukishatoa dola 250, kwa siku 60 za kwanza za safari, mpaka dola 50,000 maishani. Miezi miwili ya Moshi inaingia humo kwa kubanabana. Akiongeza wiki kwa ajili ya harusi, hiyo ni juu yake.

Sasa linaloniudhi. Watu wanaambiwa, "Anza na sifuri, ukiugua utahamia Medigap." Si kweli! Medigap inalazimika kukupokea bila kukuuliza afya yako katika miezi sita tu, tangu uwe na miaka 65 na Sehemu B. Aliyeingia Advantage mara tu alipotimiza 65 anapewa miezi 12 ya kujirudi. Baada ya hapo, Ohio na majimbo mengi, kampuni inaweza kukukataa au kukupandishia bei, na mwenye kisukari na presha ndiye wa kwanza kuchunguzwa. Lile dirisha la kila mwaka, Oktoba 15 hadi Desemba 7, ni la kubadili Advantage na bima za dawa. Kwa Medigap halikupi haki yoyote.

Kama dola 140 zinapatikana, mimi ningemchukulia Medigap sasa. Kama kipato chake ni kidogo, ulizeni kwanza Medicaid ya Ohio, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kuna msaada unaoweza kulipa hata hiyo ada ya Sehemu B.

Juzi nilimpokea mama mwenye kadi ya Advantage asiyokumbuka kuiomba. Alisaini kwenye simu ya mtu baada ya ibada, akidhani anajiandikisha kupata miwani. Daktari wake wa moyo hayumo kwenye orodha. Jueni basi: wakala haruhusiwi kubisha hodi bila kualikwa, wala kuwalisha watu kwenye mkutano wa kuuza mipango. Ukiona pilau imepakuliwa na fomu ziko mezani, beba mkoba wako. Anayepiga simu kuomba namba ya Medicare, mkatie. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, huduma ya ushauri wa Medicare, wasiouza chochote na wasiotoza hata senti, na kwenye simu ya Medicare, 1-800-633-4227, wanatafuta mkalimani wa Kiswahili ukiomba.

Kabla baba hajasaini, mpigie daktari wake wa kisukari na usome jina la mpango herufi kwa herufi. Mapokezi wakijibu, "Ndiyo, tunapokea Medicare," usikate simu. Hujajibiwa bado.