Kabla hujanunua deki mpya, zima taa

Juzi usiku kijana mmoja wa Tandahimba kaniandikia: "Kaka, hela ya korosho imeingia. Nataka deki mpya ya Blu-ray, ipi ina picha kali?" Nikaanza kumjibu kwa madaha, halafu nikafuta. Nilimkumbuka mjomba.

Msimu mmoja, nikiwa bado na banda la video hapa Chikongola, nilikwenda Dar kununua deki ya Blu-ray. Duka moja Kariakoo walikuwa wamewasha TV kubwa inaonyesha kasuku, maua na samaki wa rangi. Nikazubaa. Nani asiyezubaa? Nikalipa, nikapanda basi, deki nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Nilipofika nikaifunga kwa waya wa HDMI, ule wa kisasa wa kidijitali, nikaiweka sambamba na deki yangu kuukuu ya DVD iliyofungwa kwa waya wa njano, nikaita watu. Nikatangaza: mbingu na ardhi! Hakuna aliyeuliza mbona waya hazifanani. Hata mimi sikujiuliza, wakati waya wa njano haupitishi picha ya HD (ile kali ya Blu-ray) hata ukiusomea dua.

Mjomba akanisikia. Huku kwetu mjomba akikuamini si jambo dogo. Alikuwa ameuza korosho, anataka kuiona vizuri harusi ya binti yake iliyokuwa kwenye DVD, akanunua deki kama yangu kwa maneno yangu tu. TV yake ilikuwa ya chogo, haina tundu la HDMI. Fundi akamfungia kwa waya wa njano, maana wakati ule deki hizo zilikuwa bado na tundu lake. Majirani wamejaa sebuleni, soda zimegawiwa, harusi ikaanza. Namwona mjomba anasogea, anasogea, mpaka pua inakaribia kioo. Alikuwa anatafuta maua ya hina kwenye viganja vya bintiye. Yalikuwa yamevurugika kama wino ulioingia maji, vilevile kama kwenye deki ya zamani.

Akageuka. "Mpwa wangu, hela yote ile nimenunua kitu kilekile?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kinaniwasha mpaka leo.

Baada ya hapo nilisoma, nikapima, nikaharibu diski. Sasa wananipigia kutoka Mikindani mpaka Masasi, na siringi (kidogo tu).

Deki haiumbi kisichokuwemo. DVD zetu zina mistari 576 ya picha, Blu-ray ina 1080. Ukiweka DVD, deki inakisia iliyopungua. Nzuri hukisia kwa adabu, mbovu hujaza ukungu. Na zile DVD za filamu 20 kwa moja? Diski ya kawaida inabeba GB 4.7. Gawa kwa 20, kila filamu inabaki na MB 235 hivi, wakati diski ya Blu-ray ina GB 25 au 50. Ukiona giza la filamu limekatika vibokisi vibokisi, usimtukane aliyekuuzia deki.

Ukitaka kulinganisha deki mbili, tumia diski moja, TV moja, tundu lilelile, waya wa aina moja. Mimi nilivunja yote hayo. Kwa diski ya Blu-ray utashangaa: deki ya bei ya chini na ya bei ya juu picha zake karibu pacha, kwa sababu picha imeandikwa kwenye diski kwa tarakimu, na HDMI inazipitisha zilivyo. Tofauti hujitokeza kwenye DVD. Tafuta mahali kamera inapita juu ya paa la bati: migongo ya bati ikicheza na kuwa ngazi ngazi, deki hiyo inakisia vibaya.

Halafu zima taa. Kasuku hawajawahi kumwaibisha muuzaji. Weka uso wa mtu mweusi, usiku, kwenye mwanga wa kibatari. Nywele zikimezwa na giza, au usiku ukageuka majivu, huenda deki na TV hazijaelewana nyeusi ni ipi. Hilo ni la mipangilio. Itoe TV kwenye hali ya Vivid (rangi kali za dukani), weka hali ya sinema, punguza ukali wa kingo (Sharpness) mpaka ule mstari mweupe pembeni mwa mabega upotee.

Na hiyo 4K kwenye boksi (picha yenye mistari mara mbili ya Blu-ray), mara nyingi maana yake deki inakuza picha tu. Inayosoma diski zenyewe za 4K, zilizoingia sokoni 2016, ina nembo ya Ultra HD Blu-ray.

Ndugu zangu wa kusini, tuna ugonjwa. Mwaka mzima tunapalilia mikorosho, tunapulizia salfa, halafu siku ya hela tunanunua kwa macho ya muuzaji! Tubadilike. Nenda dukani na diski yako unayoijua. Akikataa kuiweka, ondoka. Nasema tena, nenda na diski yako.

Kijana wa Tandahimba nimemjibu: nipigie kwanza picha ya nyuma ya TV yako. Hajajibu mpaka sasa.