Maswali na Majibu: Jedwali la Kijapani Lisilonyooka

SWALI: Ndugu Mhariri, katika Emacs, programu ya kuhariri maandishi, ninatumia fonti ya DejaVu Sans Mono kwa herufi za Kilatini na Noto Sans Mono CJK JP kwa Kijapani, zote kwa ukubwa uleule. Kila ninapopanga jedwali, mistari yake ya wima hupinda: kadiri kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) zinavyozidi katika seli, ndivyo mstari unavyosogea kushoto. Nimeongeza nafasi na kuzifuta bila mafanikio, ilhali faili hilohilo nikilifungua kwenye terminali, yaani dirisha la amri za maandishi matupu, huwa limenyooka. Kosa liko wapi?

JIBU: Tafadhali usiziguse tena nafasi hizo, kwa sababu hazina kosa lolote, na kila unayoiongeza italiharibu jedwali lako kwa yeyote atakayelifungua kwenye terminali. Emacs hupanga jedwali kwa kuhesabu safu, ambapo herufi ya Kilatini huhesabiwa safu moja na kanji au kana (herufi za silabi za Kijapani) safu mbili. Terminali huchora kila safu katika kijumba chenye upana usiobadilika, hivyo kanji hupata vijumba viwili hata isipovijaza. Kwenye dirisha la kawaida, Emacs huchora kila herufi kwa upana uliowekwa ndani ya fonti yenyewe, na hapo ndipo hesabu ya safu inapoachana na kile unachokiona kwenye kioo.

Chukua ukubwa wa pikseli 20. Herufi ya DejaVu Sans Mono ina upana wa takriban 0.6 ya ukubwa huo, yaani pikseli 12, na kanji ina pikseli 20 kamili. Neno 日本語 limehesabiwa safu sita, kwa hiyo lilipaswa kuchukua pikseli 72, lakini linachukua 60. Pikseli 12 zilizopungua ni upana wa herufi moja nzima ya Kilatini. Ndiyo maana kila kanji tatu zinausogeza mstari wako kwa safu moja.

Unaweza kuikuza fonti ya Kijapani mara 1.2 kwa kutumia mpangilio wa Emacs uitwao face-font-rescale-alist. Hata hivyo, si kila ukubwa utakubali, kwa kuwa pikseli hazigawanyiki: katika pikseli 15 herufi huwa na 9 na kanji 18, jambo ambalo ni sawa kabisa, lakini katika 16 herufi hupata 10 na kanji 19, na kasoro hurudi kidogokidogo. Andika kanji 20 chini ya herufi 40 za Kilatini, kisha utazame kama mistari hiyo miwili inakomea mahali pamoja. Ujue pia kwamba mistari yenye Kijapani itakuwa mirefu zaidi kwenda juu kuliko mingine.

Mimi napendelea fonti moja iliyounganisha maandishi yote mawili kwa uwiano wa 1:2, kama HackGen au Sarasa Mono J. Tahadhari na majina yanayofanana: HackGen35 ina uwiano wa 3:5, na Source Han Code JP ina 2:3. Zote mbili zinapendeza kusoma, ila jedwali lako litapinda vilevile.

SWALI: Nami katika Vim, programu nyingine ya kuhariri maandishi, kanji zimenyooka, lakini alama za ○ na ※ hukatwa nusu. Nifanyeje?

JIBU: Alama hizo, pamoja na → na herufi za Kigiriki, Unicode, yaani kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, imeziweka katika kundi la upana usio dhahiri. Fonti nyingi za Kijapani huzichora kwa upana wa kanji, lakini Vim huzihesabu safu moja. Ukiandika set ambiwidth=double zitapewa safu mbili. Mistari ya kuchorea fremu, kama ─, nayo imo katika kundi hilo, hivyo fremu za programu-jalizi zinaweza kuvurugika. Ikitokea hivyo, rudisha mpangilio wa awali na utumie amri ya Vim iitwayo setcellwidths() kuzitaja zile alama chache tu unazozihitaji.