London–Amsterdam: kwenda saa mbili na ushee, kurudi dakika 20?

Mkuu, umeuliza kama tiketi yako imekosewa, maana inaonyesha unatoka London saa 3:00 asubuhi na kufika Amsterdam saa 5:20, halafu kurudi unatoka saa 12:00 jioni na kufika saa 12:20. Haijakosewa. Tiketi huandika saa za mji ule unaotoka au unaofika, na Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja. Kwenda ni saa 1 na dakika 20, kurudi ni vilevile. Tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu nchi zote mbili husogeza saa siku ileile, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Usijione mshamba. Nimekaa London miaka minne na dada yangu yuko Amsterdam, lakini mara ya kwanza nilimwambia shemeji anipokee saa 4:20. Alinisubiri saa nzima, na hadi leo kila nikienda lazima anikumbushe.

Umbali kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 360. Ndege ikishapaa inakaa angani dakika 45 hadi 50 hivi. Chai unaletewa, na kabla haijapoa vikombe vinakusanywa. Muda uliobaki unaliwa chini. Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, wana njia moja ya kutua inaitwa Polderbaan, iko mbali na jengo la abiria balaa. Ukitua huko ndege inatembea kwa magurudumu robo saa nzima, na kuna mahali inapita juu ya daraja huku chini yake magari yanakimbia kwenye barabara kuu. Mzee mmoja niliyekaa naye aliuliza kama tunapelekwa mjini na ndege hiyohiyo.

Heathrow, uwanja wa London, ni kinyume chake, foleni iko juu. Njia za ndege ni mbili tu, kwa hiyo mnaotoka upande wa Amsterdam mnaweza kuzungushwa juu ya Essex, mashariki mwa London, mkisubiri zamu. Siku moja tulizunguka mara nne, nikawa nayaona mashamba yaleyale. Ndiyo maana ratiba inawekewa dakika za akiba. Upepo nao mara nyingi hutoka magharibi, unakusukuma ukienda, ila kwa safari fupi hivi ni dakika chache tu.

Hesabu ya kweli ni ya mlango hadi mlango. Kwa ndege hiyo ya saa 3:00 mimi hutoka kwangu Stratford saa 11:30 alfajiri, na kwa dada nabisha hodi saa 6:30 mchana za kwao. Ukitoa ile saa moja ya tofauti, saa sita hizo! Treni ya Eurostar kutoka stesheni ya St Pancras, London, ni kama saa nne na inakushusha katikati ya mji, ila ukichelewa kukata tiketi nauli yake inauma.

La muhimu kuliko yote: kama unasafiri na pasi ya Tanzania, viza ya Uingereza haikuingizi Amsterdam, unahitaji ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Na hakikisha ya Uingereza inakuruhusu kuingia tena. Ukirudi hiyo saa 12:20 kuna foleni ya uhamiaji, kwa hiyo mwenyeji wako mwambie saa 1:30 usiku.