Picha zinalala ubavu kwenye fremu ya kujitengenezea

Ndugu, umesema picha za simu zinalala ubavu kwenye fremu yako ya picha ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo), ilhali kwenye simu zimesimama vizuri. Mara nyingi simu haiizungushi picha yenyewe. Inaandika tu namba ya mwelekeo kwenye taarifa za EXIF, yaani maelezo yaliyomo ndani ya faili la picha: 1 iko sawa, 3 imepinduka, 6 na 8 zimelala. Programu inayoonyesha picha kwenye fremu yako haiisomi namba hiyo.

Kama unatumia feh (programu ya kuonyesha picha), jaribu kuongeza --auto-rotate kwenye amri yake. Mimi napendelea kuzirekebisha zinapoingia tu kwenye folda, kwa amri ya programu ya exiftran:

exiftran -ai *.jpg

Inazigeuza bila kupunguza ubora, na namba inarudi 1. Weka nakala kwanza, maana inaandika juu ya faili lenyewe! Zisizo na namba kabisa, zigeuze kwa mkono.