Probayotiki Si Dawa ya Kuhara: Kwa Wadogo Zangu wa Fildi

Wadogo zangu mlioko fildi, na ninyi mliofungua banda la kwanza juzi baada ya kupata cheti, nimenyamaza vya kutosha. Msimu huu nimekuta probayotiki, ile pakiti ya bakteria wazuri wa utumbo, imekorogwa ndoo moja na OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Nimekuta imemiminwa kwenye maji ya bomba yananuka klorini. Nimekuta pakiti iko dirishani, jua la Morogoro linaipiga tangu asubuhi. Halafu nikamsikia kijana, tena hodari darasani, akimwambia mfugaji kwamba akishatumia hii hana haja ya chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi unaovunja kinga ya kifaranga. Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nawapenda, na najua mnaipenda kazi, ndiyo maana nawaandikia badala ya kuwafokea mbele ya wafugaji wenu.

1. Jueni kwanza kwa nini kifaranga wa mashine anaihitaji.

Kifaranga aliyeanguliwa chini ya mama hudonoa udongo, hudonoa kinyesi cha mama, hulala kwenye manyoya yake. Siku chache tu, tumbo lake limeshapata bakteria wa kuku mkubwa. Wa mashine hatoki hivyo. Yai limefukizwa dawa, mashine imesafishwa, boksi jipya, safari ya usiku kucha, na anafika kwako utumbo wake ukiwa karibu mtupu. Utumbo huo ni nyumba isiyo na mpangaji, na anayetangulia kuingia ndiye atakayekuwa mgumu kumtoa. Akitangulia Salmonella kutoka kwenye drinka chafu, imekula kwako.

Jambo hili halikuanzia kwa wauza pakiti. Finland walipata mlipuko wa Salmonella Infantis kwenye kuku wa nyama mwaka 1971. Watafiti Nurmi na Rantala wakachukua vilivyomo ndani ya utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wakawapa vifaranga wachanga, na vifaranga hao wakawa wagumu kushikwa na Salmonella kuliko wenzao. Kazi yao ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1973. Kwa hiyo mnaponiuliza probayotiki ianze lini, jibu ni siku ya kwanza, kwenye maji ya kwanza. Siku ya kumi umechelewa: bado inaweza kusaidia, lakini utahangaika.

Kijana mmoja nilimsimulia hadithi hii jioni, kesho yake asubuhi nikamkuta na kopo anakusanya kinyesi cha majogoo wa jirani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamwambia akimwage mbali na banda. Bidii yake ilikuwa nzuri. Ila kinyesi cha jogoo anayezurura kina minyoo, kina koksi (kimelea cha utumbo kinacholeta kuhara damu), kina hata hiyo Salmonella tunayoikimbia. Waliokuja kutengeneza bidhaa kutokana na wazo la Nurmi huwaotesha bakteria hao maabara na kuwapima kwanza kama hawana ugonjwa.

2. Msiwaue bakteria hao kabla hawajafika tumboni.

Probayotiki haikai ndoo moja na antibayotiki; subiri dozi iishe, kisha uwape kuku probayotiki siku kadhaa kujaza pengo lililoachwa na dawa. Maji ya bomba yakinge jioni, yaache wazi yalale, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, nusu saa kabla, kama mnavyofanya kwenye chanjo ya maji. Koroga yatakayonywewa ndani ya saa chache, si ya kutwa nzima. Osha drinka kwa brashi, ule utelezi wa ndani uondoke.

3. Probayotiki si dawa ya kuhara.

Hapa nitakaa kidogo, maana hili liliwagharimu wengine kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Tulielezwa jinsi Sweden ilivyopiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Nilirudi nimewaka. Niliona nimepata njia ya kuwatoa wafugaji wangu kwenye ule mtindo wa kumwaga OTC kila kuku anapopiga chafya. Mama mmoja pembezoni mwa mji, mfugaji wa chotara, akaniamini kuliko wote. Mtaji wake ulikuwa wa kikoba. Nilimwahidi kwamba banda lake litakuwa la mfano na hakuna dawa itakayoingia humo.

Masika yakaja. Bati lilikuwa linavuja upande wa drinka, maranda yakalowa, na mimi niliyaona kwa macho yangu nilipopita. Nikasema tutayabadilisha wiki ijayo. Vifaranga walikuwa kwenye wiki ya nne, umri ambao kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua ni wa kuogopa.

Asubuhi moja akanipigia: Dokta, wamejikunyata, mabawa yanaburuza, choo kimebadilika. Nikamwambia aongeze probayotiki mara mbili. Sikwenda. Kesho yake akasema anaona wekundu kwenye choo. Mnajua nilijibu nini? Nilimwambia huenda ni ule utando wa utumbo unaobanduka, kile kitu cha rangi ya chungwa ambacho wakati mwingine hutoka bila ugonjwa wowote, asiwe na hofu. Nilimjibu hivyo kwa simu, kuhusu choo ambacho sikukiona. Siku ya tatu ndipo nikaenda. Nilimpasua wa kwanza pale pale mlangoni, nikafungua seka, ile mifuko miwili ya mwisho wa utumbo, zote zimejaa damu. Eimeria tenella, kama picha ya kitabuni. Mfugaji alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusema neno.

Nilikimbia dukani kutafuta amprolium. Waliokuwa bado wanakunywa maji walipona. Waliokuwa wameshalala hawakunywa, na waliolala walikuwa wengi. Tulipoteza karibu nusu ya banda. Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu tukiwa tunachimba shimo: Dokta, ile ya mwanzo uliyonipa ilikuwa ya nini? Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo nikiingia bandani mwake huwa naangalia kwanza bati.

Sasa sikilizeni kwa makini. Koksi ni protozoa. Anaingia ndani ya seli za ukuta wa utumbo, anazaliana humo, anazipasua. Bakteria wa kwenye pakiti wako kwenye uwazi wa utumbo na hawawezi kwenda kumtoa huko. Utumbo uliozoeshwa bakteria wazuri mapema unaweza kuhimili vizuri zaidi, sawa, lakini damu ikishaonekana kwenye choo unahitaji dawa ya koksi siku hiyo hiyo. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba amprolium hata si antibayotiki. Humnyima koksi vitamini B1, basi. Ningeweza kuitumia na vita yangu dhidi ya usugu ikabaki palepale. Hata probayotiki ingeweza kuendelea pembeni, kwa kuwa amprolium haiwaui bakteria. (Kwa sababu hiyo hiyo ya B1, msichanganye amprolium na vitamini zenye B1 nyingi. Naona mnafanya hivyo kila wiki, mkidhani mnamtia kuku nguvu.)

Kilichoniponza ni kulipenda wazo zuri kuliko kuku aliye mbele yangu. Kukataa matumizi holela ya dawa hakumaanishi kumwacha mgonjwa bila tiba. Kwa hiyo kila kuhara: nenda, angalia choo kwenye maranda, pasua aliyekufa asubuhi ile, kisha ndipo useme. Kama huna kisu na glavu kwenye begi, bado hujaanza kazi.

Na maranda yaliyolowa yanatolewa leo. Mayai ya koksi huhitaji unyevu, joto na hewa ili yakomae, na kwa hali yetu siku moja au mbili zinatosha.

4. Prebayotiki ni chakula cha hao bakteria, na wengi wenu mnakisahau.

Mnawaleta wageni bila kuwapikia. Inulini na FOS (fruktooligosakaridi) ni nyuzi ambazo kuku mwenyewe hawezi kumeng'enya. Zinafika kwenye seka zikiwa nzima, bakteria wazuri wanazichachusha, tindikali inaongezeka, na Salmonella na E. koli hawapendi mahali pachachu. MOS (mananoligosakaridi), itokanayo na ukuta wa seli za hamira, inafanya kazi kwa namna nyingine ninayoipenda sana. Salmonella na E. koli wengi hujishikiza kwenye utumbo kwa vinyweleo vinavyotafuta sukari ya manosi. MOS ina manosi hiyo hiyo. Basi wanajishikiza kwenye MOS badala ya ukuta wa utumbo, wanatoka nje na choo. Changanya kwenye chakula kwa kiwango cha mtengenezaji, kwa hatua: kwanza na kilo chache za pumba, halafu ndiyo mzigo mzima. Ukizidisha, choo kinakuwa majimaji na maranda yanalowa, nasi tunarudi kwenye namba tatu.

5. Mtindi, na pumba zilizochachushwa.

Wafugaji watawauliza. Msiwacheke, maana wanachofanya kina mantiki. Mtindi una bakteria wa asidi laktiki, na laktosi iliyobaki humo kuku hana kimeng'enya cha kuimeng'enya vizuri, hivyo inafika kwenye seka na kuwa chakula cha bakteria. Kidogo kinasaidia, kingi kinaharisha. Kwenye joto la mchana kisikae kwenye chombo zaidi ya saa mbili tatu. Pumba au mash iliyolowekwa kwenye pipa safi lenye mfuniko kwa siku moja hadi mbili ikanukia uchachu mzuri, wape. Ikiwa na ukungu wa rangi yoyote, tupa yote, usikwangue juu na kutoa ya chini. Sumukuvu haionekani kwa macho.

Kuna bibi mmoja Kihonda anachachusha pumba kuliko maabara yoyote niliyowahi kuingia. Anaonja kwa ulimi. Nilipompelekea karatasi za kupimia pH, akaonja kwanza, akaniambia bado, njoo kesho asubuhi. Tukapima: kweli uchachu ulikuwa haujafika. Mpelekeeni salamu zangu, na mkae naye siku nzima kabla hamjaanza kumfundisha.

Kitunguu saumu kina nyuzi za jamii ya inulini, lakini kikiwa kibichi kinaua pia bakteria. Msikiweke kwenye maji yenye probayotiki.

6. Joto la bruda nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Chanjo za mdondo na Gumboro kwa ratiba. Hakuna pakiti inayofidia hayo.

7. Pimeni.

Mfugaji akikuambia kuku wamechangamka, mshukuru, kisha chukua mzani. Gawa banda mara mbili, chakula kimoja, vifaranga wa bechi moja, upande mmoja uwe na probayotiki na mwingine usiwe nayo. Pima uzito kila wiki, andika chakula kilichoisha na waliokufa. Mkifika sokoni, FCR, yaani kilo za chakula zilizoliwa kwa kila kilo ya uzito iliyoongezeka, ndiyo itakayosema kama hela ya pakiti ilirudi. Wakati mwingine haitarudi. Banda lililo safi, lenye joto sahihi na chakula kizuri, huenda usione tofauti kubwa, na mfugaji huyo ana haki ya kuambiwa asinunue.

8. Kabla hamjanipigia kuniuliza chapa ipi ni bora, geuzeni pakiti.

Nataka nione jina kamili la bakteria, si "vijidudu rafiki". Nataka CFU, yaani hesabu ya bakteria walio hai, kwa gramu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nataka maelekezo ya kuhifadhi, kisha uniambie duka lenyewe linahifadhi wapi. Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis wana spora, yaani hujifungia kwenye ganda gumu, wanavumilia bati la moto na hata mvuke wa mashine ya peleti. Lactobacillus wengi hawavumilii, wanataka ubaridi. Kama muuzaji ameziweka juu ya kabati chini ya bati bila dari, nendeni duka jingine, hata kama ni rafiki yenu na anawapa punguzo.