Shemeji, kuhusu dogo kuja kucheza mpira Austria

Dada shikamoo, shemeji habari za hapo. Zile voice note zenu zote nimezisikiliza kwenye treni asubuhi natoka shifti ya usiku, nikafika nyumbani nikazisikiliza tena, maana hili sio swali la kujibu juu juu.

Mnasema dogo ana miaka 16, anatupia sana hapo Mbagala, na kuna wakala kawaambia Austria ndo mlango mwepesi wa kuingilia Ulaya, ligi yake ndogo, mabeki wake wazito, anataka milioni 8 za viza na majaribio. Kawatumia na clip ya Marko Arnautović, straika wa timu ya taifa ya Austria, akifunga goli nne mechi moja, akawaambia kama mzee wa miaka 36 anafunga hivyo, huyu mtoto mwenye mbio itakuwaje. Sasa mnataka kuuza kile kiwanja cha Kongowe na mnataka mimi niliyekaa Vienna miaka kumi na moja niseme ukweli wangu.

Hiyo mechi mimi nilikuwepo uwanjani. Ilikuwa Ernst-Happel, tarehe 9 Oktoba 2025, Austria na San Marino, ikaisha 10-0. Shemeji wewe unaujua mpira, San Marino ni kanchi kadogo mno, timu yao ndo inashika mkia kwenye viwango vya FIFA, sasa mtu akikuonyesha hizo goli kama ushahidi kwamba mpira wa Austria ni rahisi ujue anakudanganya mchana kweupe. Ule usiku uliwaliza watu kwa sababu nyingine, lile goli la nne lilikuwa la 45 kwa Arnautović timu ya taifa, akampita Toni Polster aliyekuwa na 44, rekodi iliyokaa tangu miaka ya tisini.

Nilikaa na jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kiserbia, alikuja hapa miaka ya sabini kubeba zege. Austria ilikuwa imewekeana mkataba na Yugoslavia mwaka 1966 wa kuleta vibarua, basi wakaja wengi, wakajenga mji huu, na watoto wao wakazaliwa humu humu. Goli mbili za mwisho zilipofuatana mpira ukiwa unaelekea kuisha, uwanja mzima ukasimama, yule mzee hakupiga kelele, alivua kofia akaishika kifuani, mkono mwingine kanikamata hapa juu ya kiwiko kwa nguvu mpaka nikahisi kucha. Akaniambia huyu Arnautović baba yake ni Mserbia kama mimi, na mimi hapa nimeitwa Tschusch miaka arobaini. Hilo ni neno la kuwadharau watu wa kule Balkani, halina heshima hata kidogo. Tumerudi kwenye treni hatuongei.

Nawaeleza haya kwa sababu mimi nakaa Floridsdorf, ng'ambo ya mto Danube, wilaya ya 21, na huku huku ndiko Arnautović alikoanzia. Timu yake ya utotoni FAC iko hapa mtaani. Kazaliwa Vienna mwaka 1989, mama Mwaustria, baba Mserbia, Kijerumani ni lugha ya nyumbani kwao, pasi ya kusafiria anayo, kaka yake ndo anamsimamia mambo ya mikataba. Yaani kila kitu ambacho dogo wetu hana yeye alizaliwa nacho. Na bado alizungushwa, kapita akademi ya Austria Wien, First Vienna, Rapid, hakudumu kote huko, akarudi tena FAC pale pale alipoanzia. Sio kwamba hajui mpira, kila mtu mtaani hapa anakwambia alikuwa na kipaji cha kutisha, ila alikuwa mkorofi, na huku mtoto mkorofi wa jina la kigeni havumiliwi mara mbili.

Mwaka 2006 akaenda Twente, Uholanzi, ana miaka 17. Hapa shemeji soma taratibu maana hapa ndo penye kesi yenyewe ya dogo. Sheria ya FIFA inakataza kumhamisha mchezaji nchi hadi nchi kabla hajafika miaka 18. Kuna nafasi chache za kupenyea, moja ni wale wa Umoja wa Ulaya wakihamia nchi nyingine ya humo humo kuanzia miaka 16, ndo aliyopitia Arnautović, na nyingine ni wazazi wakihama kwa sababu zao zisizohusu mpira. Mtoto kutoka Mbagala anayekuja peke yake kutafuta timu hayumo humo. Hata apige danadana mpaka kesho, hata kocha ampende vipi, hawezi kusajiliwa, na klabu inayojielewa haitamgusa. Kwa hiyo huyo wakala anayeuza majaribio kwa mtoto wa miaka 16 ama hajui sheria ama anaijua vizuri sana na amewaona nyie hamjui. Mimi naamini ni hilo la pili.

Tuendelee na huyo Arnautović, kwa sababu mnaona mwisho wa sinema tu. 2009 akaenda Inter Milan kwa mkopo, kwa kocha Mourinho, alifika na jeraha la mguu, msimu ule Inter ikabeba ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa, yeye kacheza mechi tatu tu. Mourinho akasema wazi ni mtu mzuri ila ana akili za kitoto. Akaenda Werder Bremen ya Ujerumani, 2013 klabu ikamsimamisha yeye na mwenzake baada ya polisi kuwakamata kwa mwendo kasi barabarani. Miaka 24 hiyo, watu wengi hapa walikuwa wameshamzika kimpira. Stoke City ya England ndo ikamuokoa, miaka minne anacheza pembeni kama winga, halafu 2017 West Ham ikamnunua kwa paundi milioni 20, rekodi ya klabu wakati ule, na hata huko alianza vibaya mpaka kocha David Moyes alipokuja akamtoa pembeni akamweka katikati namba tisa. Yaani huyu straika mnayemuona kwenye clip alianza kutulia kwenye u-straika akiwa anakaribia miaka 29! Msimu ule mashabiki wa West Ham wakamchagua mchezaji bora wa mwaka.

Kisha Shanghai, hela nyingi, halafu ikaja korona, familia iko mbali na China imefunga mipaka, 2021 akaondoka akaenda Bologna kwa kocha Siniša Mihajlović, akafunga goli 14 za ligi msimu wa kwanza. Huo msimu kwangu mimi ndo bora kuliko hizo goli nne za San Marino, timu ya kawaida, ligi ngumu, mtu ana miaka 32 anavutwa jezi kila wikendi na bado anafunga. 2023 Inter wakamrudisha akiwa na miaka 34, akapata ubingwa wa Italia 2024 akiwa anacheza kweli, na bao la ushindi alilowafunga Atlético Madrid pale San Siro nakumbuka nilikuwa kazini naliangalia simu nimeificha nyuma ya boksi. Mwaka 2025 akaenda Red Star ya Belgrade, Serbia, nchi ya baba yake.

Na timu ya taifa? Kaanza 2008. Kutoka mechi ya kwanza mpaka ile rekodi ni miaka 17. Katikati kazomewa na watu wake mwenyewe, na makosa yake pia alifanya, Euro iliyochezwa 2021 alifunga bao, Austria ikapata ushindi wake wa kwanza kwenye Euro, dhidi ya Macedonia Kaskazini, akashangilia kwa matusi kwa mpinzani, UEFA ikamfungia mechi moja, akaomba radhi. Akarudi dhidi ya Italia pale Wembley akafunga kwa kichwa, VAR ikasema ofsaidi, wakatolewa kwenye muda wa nyongeza. Novemba 2025 ndo Austria wamefuzu Kombe la Dunia, mara ya kwanza tangu 1998. Alisubiri mpaka nywele zikaanza mvi.

Sasa niseme la kwangu ambalo dada hata wewe sikuwahi kukwambia. Mwaka wa kwanza hapa nami nilienda majaribio. Timu ya madaraja ya chini, jina lake silitaji, nilipelekwa na mtu aliyechukua euro 600 akasema anajuana na kocha. Ilikuwa Februari, uwanja mgumu kama sakafu, njumu haziingii, vidole vya miguu sivisikii. Nikapewa mpira nimegeukia goli letu, wenzangu wakapiga kelele "Hintermann! Hintermann!" Mimi nikadhani wananiomba pasi. Kumbe ndo wanavyosema huku ukiwa na mtu mgongoni. Beki akaja na mwili wote, goti likageuka upande ambao goti haliendi. Nililala pale naangalia mbingu ya kijivu, kocha akaja akaniuliza kitu kwa Kijerumani, nikasema ja, ja, hata sijui nimekubali nini. Bima niliyokuwa nayo haikuhusu mpira. Deni la hospitali nimelilipa miezi 19, na ndo ile miezi mliyokuwa mnalalamika kwamba nimewasahau, situmi hela ya mama. Sikuwasahau. Nilikuwa nalipa goti.

Yule mtu wa euro 600 hakuja hata hospitali.

Sisemi Mwafrika hatoboi huku. Patson Daka wa Zambia alitoboa, Salzburg ya hapa Austria walimchukua akiwa na miaka 18, mkataba mkononi, hakuna mzazi aliyeuza kiwanja, na 2021 akawa mfungaji bora wa ligi hii na goli 27 kabla ya kwenda Leicester. Samatta wetu naye mnajua njia yake, Simba, Mazembe, akawa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika, ndo Genk ya Ubelgiji wakaja wenyewe mwaka 2016. Hao walitafutwa shemeji, hawakujipeleka na bahasha. Na ligi ya hapa ina timu 12 tu, tena klabu zinapewa hela zaidi zikichezesha wachezaji wanaoruhusiwa kuichezea Austria, kwa hiyo mgeni ili aingie lazima awe mzuri kuwazidi kwa mbali, sio kulingana nao.

Kiwanja msiuze. Nawaomba kabisa, kile ni cha watoto wote watatu. Dogo amalize kidato cha nne, aingie timu ya vijana ya klabu inayoeleweka hapo hapo Dar, acheze mechi ambazo watu wa taifa wanaziona. Mimi njumu nitamtumia, mnitumie unyayo wake mmeuchora kwenye karatasi maana saizi za huku zinachanganya, na kuanzia mwezi ujao nitalipa nauli yake ya mazoezi. Kijerumani kama anataka aanze sasa, nitakuwa nampigia Jumapili jioni nusu saa, na neno la kwanza nitakalomfundisha mnalijua.

Huyo wakala mwambieni atume jina lake kamili na namba ya leseni yake ya FIFA, mawakala wote wenye leseni wanaonekana kwenye tovuti ya FIFA, nitamtafuta mwenyewe kesho nikiamka. Kabla sijawajibu hilo msimpe hata shilingi ya nauli.